Mtambaji na Mitambo: Hadithi Ilivyoingia Darasani Afrika Mashariki

Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye Milima ya Usambara, si mbali na mji wa Korogwe, ilianza kazi ambayo wenyeji hawakuwa wameizoea. Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliweka hapo kituo cha kutengeneza filamu za kuwafundishia Waafrika. Fedha zilitoka Marekani, katika mfuko wa Carnegie Corporation wa New York, na mradi ukaitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Picha zilipigwa kwenye utepe wa milimita 16, bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye santuri, kwa lugha kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kisha lori likapakiwa jenereta, projekta, kitambaa cheupe na santuri, likaingia barabarani kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mradi ulifungwa mwaka 1937, na kufikia hapo filamu zipatazo 35 zilikuwa zimetengenezwa. Nyingi zilihusu mambo ambayo serikali ya kikoloni ilitaka watu wayashike: kodi, benki ya akiba ya posta, ugonjwa wa safura, mmomonyoko wa udongo, kilimo cha kahawa. Lakini katikati ya orodha hiyo kulikuwa na filamu moja ya sungura na chui. Watengenezaji wake walikuwa wamegundua jambo ambalo kila bibi wa Usambara alilijua tangu zamani, kwamba mtu hukaa na kusikiliza kwa hamu pale somo linapokuja ndani ya kisa.

Tofauti na bibi, projekta haikumngoja mtu aitikie. Utepe ulizunguka, santuri ikasema, na ikifika mwisho ilikuwa imekwisha. Tangu karne ya 19 hadi leo, shule za Afrika Mashariki zimepokea chombo baada ya chombo cha kusimulia: kitabu, filamu, redio, katuni za televisheni, na sasa kishikwambi. Ukiifuata historia ya vyombo hivyo kimoja kimoja, unaona kwamba kila kimoja kilifundisha vizuri pale tu kilipompa mtoto nafasi ya kujibu, na kilidorora pale kilipomnyamazisha.

Nafasi hiyo ya kujibu ilikuwa msingi wa fasihi yenyewe kabla ya shule kuja. Pwani, fanani alisema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!" Kwingineko alianza kwa "Hadithi, hadithi!" na watoto wakamjibu "Hadithi njoo!" Kabla ya ngano kulikuwa na vitendawili, kila mmoja akitega na wenzake wakitegua, na aliyeshindwa akitoa mji. Katikati ya ngano kulikuwa na wimbo, na wimbo ulikuwa na kibwagizo cha watoto. Mtambaji akisahau kipande, msikilizaji alimkumbusha. Akiongeza chumvi kupita kiasi, walimcheka. Katika jamii nyingi ilikuwa mwiko kutamba ngano mchana, wakati wa kazi, kwa hiyo hadithi zilikuwa na saa zake, na saa hizo zilikuwa darasa la lugha, la maadili na la kumbukumbu. Mtoto aliyesikia kisa mara tatu alitarajiwa kukitamba mwenyewe mbele ya wenzake. Huko ndiko alikopimwa, na kila mtu aliyekuwepo alikuwa mtahini.

Chombo cha kwanza kuingilia mpangilio huo kilikuwa mashine ya kuchapia. Kasisi Edward Steere wa Universities' Mission to Central Africa, misheni iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu William Tozer. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa utumwani, wenye lugha za makwao mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Steere alihitaji maandishi ya kusomesha. Akawaendea Waunguja wenyewe, akawaomba wasimulie, naye akaandika jinsi walivyosema. Mwaka 1870 mkusanyo wake ulitolewa London kwa jina la Swahili Tales, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili.

Ndani ya kitabu hicho mna kisa cha Sultani Darai na paa mwenye akili, na mna kisa cha kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, juu ya mti. Watoto wa Kitanzania na Kikenya bado wanazijua hadithi hizo leo, wengi wao kupitia vitabu vya shule. Steere akawa askofu mwaka 1874, akafa mwaka 1882, na akazikwa ndani ya kanisa kuu la Mkunazini alilosimamia ujenzi wake, mahali palipokuwa soko la watumwa. Kazi yake ya hadithi ilifungua njia. Mwaka 1898 Mjerumani Carl Velten alitoa mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, na baada yake wakafuata wengine.

Faida ya uchapaji ilikuwa kubwa, na haifai kuibeza. Kisa kilichokuwa kikijulikana Unguja kiliweza kusomwa Masasi na Magila. Lugha ilipata maandishi yaliyotoka vinywani mwa watu wenyewe. Lakini kitabu kiliigandisha hadithi. Paa wa Sultani Darai, ambaye kila fanani alimsemesha kwa namna yake, alipata maneno yaleyale kila mara, na mtoto aliyesimama darasani kuyasoma hakuwa na ruhusa ya kuyabadilisha.

Hali hiyo ilizidi kukomaa chini ya Waingereza. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya idara ya elimu, lilipeleka hadithi na mashairi hadi kwenye shule za vijijini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Shule zikapata vitabu vilivyotafsiriwa: Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina, Alfu Lela Ulela, hekaya za Abunuwasi. Watoto walivipenda, na wazee wengi waliosoma enzi hizo bado wanaweza kusimulia sura nzima bila kukosea. Hata hivyo, jibu la hadhira liligeuka kuwa maswali ya ufahamu mwishoni mwa sura, yenye majibu sahihi yaliyokwisha kupangwa. Kuitikia kibwagizo kukawa kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Waliokataa kunyamaza walikuwa waandishi. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952, na msomaji anayezijua hadithi za Alfu Lela Ulela ataona mara moja kisa cha kale kilichovaa maadili na lugha ya mtunzi mwingine kabisa. Alifanya kile ambacho mtoto wa zamani alikifanya barazani: alisikia, akasimulia upya kwa sauti yake. Kizazi kizima cha wanafunzi kilikisoma kitabu hicho, bila ya kuambiwa kwamba nao wana haki ya kufanya alivyofanya yeye.

Filamu nayo haikufia Vugiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili zenye waigizaji wa Kiafrika, na mojawapo, Muhogo Mchungu, ilimhusu kijana wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na hadaa za mjini. Aliyecheza nafasi kuu alikuwa mfanyakazi kijana wa ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watazamaji walijiona wenyewe kwenye kitambaa cheupe, wakasikia Kiswahili chao kikizungumzwa kama wanavyokizungumza, na hilo lilikuwa hatua kubwa mbele ya mafunzo ya safura. Ila filamu ilikuwa ghali, gari la sinema lilipita kijijini kwa nadra, na shule haikuweza kulitegemea.

Redio ndiyo iliyofika kila mahali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya kupita katika hatua kadhaa ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo jina lake pekee linawarudisha watu wazima utotoni. Katika RTD kulikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na ndani yake sauti ya Deborah Mwenda. Watoto wa nyumba zisizo na redio walikwenda kukaa kwa jirani. Mtangazaji alisimulia kwa mapumziko, akibadilisha sauti kwa kila mhusika, kwa namna ambayo msikilizaji aliyekuwa Mtwara au Musoma alihisi anaambiwa yeye. Watoto waliosikia kipindi jioni walikisimulia shuleni asubuhi kwa wale waliokikosa, na kwa njia hiyo redio, bila ya kukusudia, ilizalisha watambaji wapya.

Serikali ya Tanzania ililiona hilo na ikalitumia kwa makusudi upande wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha vitu vitatu: kipindi cha redio, kijitabu cha lugha nyepesi, na kikundi cha wasikilizaji chenye kiongozi wake. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika vikundi vipatavyo 75,000. Walisikiliza pamoja, wakasoma pamoja, kisha wakajadili: hapa kwetu malaria inatoka wapi, kisima chetu kiko vipi, nani hana choo. Baada ya majadiliano walikwenda kufanya kazi, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Waliozipanga kampeni hizo walielewa kwamba redio peke yake ingesahaulika usiku uleule. Kilichoishikilia kampeni kilikuwa mazungumzo ya kikundi baada ya redio kuzimwa.

Wakati huohuo, mbali na Afrika, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza mwaka 1974 kufundisha hesabu kwa redio nchini Nicaragua kwa njia mpya. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza kwa sekunde kadhaa, na darasa zima likajibu kwa sauti kabla hajaendelea. Mtoto alisimama, akapiga makofi, akahesabu, akaimba. Njia hiyo iliingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikitumika kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini. Mtu wa pwani akisikia maelezo yake hawezi kushangaa sana, maana fanani alipoita "Paukwa!" naye aliacha ukimya mfupi ili watu waujaze.

Ukimya huo ulirudi rasmi Zanzibar mwaka 2006, pale Wizara ya Elimu ilipoanza kushirikiana na taasisi ya Kimarekani ya Education Development Center katika vipindi vya Tucheze Tujifunze. Unguja na Pemba zilikuwa na watoto wengi wa vijijini wasio na shule ya maandalizi karibu. Wakakusanywa katika vituo vya jamii, kila kituo na mwelekezaji wake, na redio ikawa mwalimu mwenza: wimbo, kisa kifupi, mchezo wa kuhesabu, swali, ukimya, jibu. Mwelekezaji hakuhitaji kuwa na shahada. Alihitaji kuwapenda watoto, kuiwasha redio kwa wakati, na kuhakikisha kwamba hakuna mtoto aliyekaa pembeni bila kujibu.

Hadi hapo, hata chombo kilichoruhusu jibu kiliruhusu jibu lililopangwa. Mtoto aliitikia, lakini hakusimulia. Mabadiliko ya hilo yaliletwa na kompyuta, na mwanzo wake ulikuwa California.

Dana Atchley alikuwa msanii wa jukwaani aliyesimulia maisha yake kwa msaada wa picha na video za familia yake. Katika onyesho lake, Next Exit, aliketi kando ya runinga iliyoonyesha moto unaowaka, akatamba kisa chake kama mzee aliyekaa na wajukuu. Mwaka 1993 aliendesha warsha huko Los Angeles, katika American Film Institute, ambapo watu wasiojua chochote kuhusu filamu walijifunza kutengeneza hadithi fupi za maisha yao. Mwaka uliofuata yeye, Joe Lambert na Nina Mullen walifungua kituo San Francisco, na mwaka 1998 kituo hicho kikahamia Berkeley kwa jina la Center for Digital Storytelling. Waingereza waliipokea njia hiyo mwaka 2001, BBC Wales ilipoanzisha mradi wa Capture Wales chini ya mpigapicha Daniel Meadows, wakizunguka miji ya Wales na kuwapa watu wa kawaida nafasi ya kutengeneza hadithi zao. Upande wa shule, Bernard Robin wa Chuo Kikuu cha Houston aliwaandikia walimu miongozo ya kuitumia darasani.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza. Watu huketi duara, kila mmoja akisimulia tukio moja la maisha yake na wenzake wakimuuliza maswali. Halafu kila mmoja huandika mswada mfupi, wa ukurasa mmoja au chini yake. Huusoma kwa sauti yake mwenyewe na kuurekodi. Hutafuta picha chache, za zamani au za kuchora, huzipanga juu ya sauti ile, na kupata filamu ya dakika mbili hadi tano. Mwisho wote huketi tena na kutazama kazi za wote. Mwalimu wa Kiswahili akiutazama utaratibu huo ataona kwamba ndani yake mna kusikiliza, kuzungumza, kuandika na kusoma, stadi nne anazotakiwa kuzifundisha kila wiki. Na mtoto, kwa mara ya kwanza tangu mashine ya kuchapia iingie Unguja, anaketi kwenye kigoda cha mtambaji, chombo kikiwa mkononi mwake.

Afrika Mashariki iliipokea teknolojia hii kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni ya kusimuliwa vizuri zaidi. Mwaka 2010 studio ya Homeboyz ya Nairobi ilishiriki kutengeneza Tinga Tinga Tales, katuni za ngano za Kiafrika zilizochorwa kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972. Januari 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa TBC1, kikitengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, kikifundisha hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo. Baadaye kikafuata Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi, kisa cha Akili, msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Morogoro ulionyesha kwamba waliotazama katuni hizo walipata maendeleo zaidi ya wenzao waliotazama vipindi vingine. Watoto wengi wa Tanzania walimwona kwa mara ya kwanza mhusika wa katuni anayezungumza kama wao na kuishi mahali wanapopajua. Heshima hiyo kwa mtoto ni sehemu ya elimu yenyewe.

Janga la korona liliipima njia hiyo. Machi 2020 shule zilifungwa Kenya na Tanzania katika wiki moja. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo kwa redio za KBC na kwa chaneli yake ya televisheni, na watengenezaji wa Ubongo Kids wakatoa vipindi vyao bure kwa vituo vya utangazaji. Vyombo vilivyodharauliwa kuwa vya kizamani ndivyo vilivyofika mbali kuliko intaneti.

Njia ya pili ni ya kumpa mwalimu na mtoto chombo wasimulie wenyewe. Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilizindua African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya hadithi vyenye picha, ikianza majaribio Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini. Ubora wake uko katika uhuru unaotolewa. Mtu yeyote anaweza kuchukua hadithi, kuitafsiri, kuirahisisha kwa darasa la chini, kubadilisha mazingira yake, au kuandika mpya kabisa kwa kutumia picha zilizomo, kisha akaichapisha kwa leseni huria. Walimu na wakutubi waliandika ngano za maeneo yao, na maktaba ikapata vitabu kwa Kiturkana, Kilugbara, Kiluganda, Kiswahili na lugha nyingine zaidi ya 100. Lugha ambazo hakuna mchapishaji angezitazama kwa sababu soko lake ni dogo zilipata vitabu vya watoto.

Hadithi 40 kutoka maktaba hiyo zilivuka bahari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walizitumia kujenga Storybooks Canada, ambamo kila kisa husomwa na kusikika kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mtoto wa familia ya Kikongo au ya Kitanzania aliyezaliwa Vancouver anaweza kusoma kisa kwa Kiingereza shuleni na kukisikiliza kwa Kiswahili nyumbani na mama yake. Nairobi nako, kampuni ya eKitabu ilianzisha studio inayotengeneza hadithi za video kwa Lugha ya Alama ya Kenya, na watoto viziwi wakapata fanani anayesimulia kwa mikono, kwa lugha yao.

Ni kosa kuamini kwamba kifaa kikishafika kazi imekwisha. Kenya ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mpango wake wa elimu ya kidijitali, uliozinduliwa mwaka 2016, ulipeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Magazeti ya nchi hiyo yaliripoti mara nyingi juu ya vifaa vilivyofungiwa makabatini kwa kukosa umeme, kwa hofu ya wizi, au kwa sababu walimu hawakupata mafunzo ya kutosha. Hata hivyo, Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 umeuweka ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, kwa hiyo suala la nani atavitumia vifaa hivyo, na kwa kazi gani, limebaki mezani.

Tanzania ilipata somo lake mkoani Tanga, mkoa uleule wa lori la Notcutt. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15, liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamekwenda shule, na zaidi ya 90 kati ya kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kila kijiji kilipata kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya programu mbili, Kitkit School na onebillion. Matokeo hayo ni ya kutia moyo, na pia yanasema kwamba nusu nyingine ya watoto waliachwa na programu bora kabisa duniani palepale walipokuwa. Hao ndio wanaomhitaji mwalimu.

Mwalimu huyo sasa ana kifaa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu wa Tanzania. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kishikwambi cha mwalimu ndicho chombo pekee cha darasa zima, nacho kinatosha. Hakihitaji intaneti ili kurekodi sauti. Hakihitaji programu ya kununua ili kupiga picha za michoro ya watoto na kuzipanga. Darasa la wanafunzi 80 linaweza kugawanywa makundi kumi, kila kundi likatengeneza kisa kimoja kwa muhula.

Na kisa cha kutengeneza kipo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wapo wazee kijijini waliokuwa vijana wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, waliochimba vyoo kwa Mtu ni Afya. Mwanafunzi anayemhoji babu yake, akaandika mswada, akausoma kwa sauti na kuuonyesha mbele ya wenzake wanaouliza maswali, anajifunza historia kwa kina ambacho ukurasa wa kitabu cha kiada hauwezi kukifikia. Masharti ni machache na ya haki: mzee aombwe ridhaa, jina lake litajwe kama mwenye kisa, na rekodi isitumwe mitandaoni bila ya yeye kukubali.

Wizara za elimu za Dodoma na Nairobi ziipe kazi hii alama katika tathmini ya darasani, maana kisichopewa alama hakifundishwi. Vyuo vya ualimu viifundishe kwa vitendo, kwa kifaa kimoja na darasa lililojaa, kama hali ilivyo. Taasisi za mitaala zitenge mahali pa kuhifadhi kazi bora za wanafunzi ili shule nyingine zizitumie. Na mwalimu anayesoma haya asingoje waraka: muhula huu achague mada moja, awatume wanafunzi wake kwa wazee wa mtaa na maswali matano, kisha arekodi watakachorudi nacho. Wazee wanaoikumbuka 1967 wanazidi kupungua kila mwaka.